Kuchambua kisichoonekana: maana ya utenganishaji wa chembe za nano na molekuli kubwa

Msimu wa karafuu Pemba una kazi mbili. Mchana watu wako mikarafuuni wanachuma, usiku wako uwani juu ya mkeka wanachambua. Kishada kinashikwa kwa mkono mmoja, kinasuguliwa kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinadondoka na makonyo yanawekwa kando. Karafuu zitaanikwa kwenye majamvi, makonyo yatakwenda kiwandani kukenekwa mafuta. Kabla ya hapo, ukipima gunia zima ukajua uzito wake, bado hujajua una karafuu kiasi gani.

Neno hilohilo, uchambuzi, ndilo tunalolitumia kwa kazi ya mkemia, na naona limemkaa sawasawa. Maana kuna vitu ambavyo huwezi kuvipima mpaka kwanza uvitenganishe, na chembe za nano na molekuli kubwa ziko mbele kabisa katika orodha hiyo.

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele una upana wa nanomita 80,000 hivi. Chembe ya nano kwa kawaida ni ile iliyo kati ya nanomita 1 na 100. Nungwi utazikuta usoni kwa watalii: krimu ya jua ya zamani ilimwacha mtu mweupe kama aliyejipaka chokaa, kwa sababu unga wake wa zinki au titani ulikuwa na punje kubwa. Unga huo ukisagwa hadi kiwango cha nano, weupe unapotea lakini miale mikali ya jua bado inazuiwa. Kitu ni kilekile, ukubwa umebadilika, na tabia nayo imebadilika. Ndiyo maana ukubwa unapimwa kwa bidii namna hii.

Molekuli kubwa ni habari nyingine kidogo. Huo ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo vilivyoungana: wanga wa muhogo, protini ya samaki, plastiki ya ndoo, na karaginani, ule utelezi unaopatikana ndani ya mwani wetu. Uzito wake huhesabiwa kwa daltoni. Molekuli ya maji ina daltoni 18. Ya karaginani inayouzwa viwandani huwa na laki kadhaa.

Laki ngapi hasa? Swali lenyewe ndilo lina kasoro. Ni sawa na kuuliza samaki wa sokoni Malindi ana urefu gani. Minyororo ya karaginani haikukatwa kwa rula. Iko mifupi, ya wastani na mirefu, yote katika sufuria moja. Ukichukua wastani wa dagaa na jodari utapata samaki ambaye hajawahi kuvuliwa. Wanaotaka kuijua sampuli wanautafuta mgawanyo wake: wadogo wangapi, wakubwa wangapi.

Kuna njia ya haraka ya kupima ukubwa, ya kumulika sampuli kwa leza na kuangalia nuru inavyotawanyika. Tatizo lake ni kwamba kwa chembe ndogo kama hizi, nuru inayotawanywa hupanda kwa kipeo cha sita cha upana. Chembe moja ya nanomita 100 hutawanya nuru sawa na chembe milioni moja za nanomita 10. Kwa hiyo vikiwamo vikubwa vichache tu, vidogo havionekani. Utamsikiaje bibi harusi akinong'ona mbele ya spika za rusha roho? Mtoe nje kwanza, ndipo umsikilize.

Kumtoa nje huko ndiko utenganishaji, na njia zake ni nyingi. Mbili nitazieleza kwa utulivu.

Ya kwanza ni kromatografia ya kutenga kwa ukubwa. Jerker Porath na Per Flodin wa Uppsala, Uswidi, waliitangaza mwaka 1959. Mrija unajazwa punje za jeli zenye matundu madogo sana, kisha sampuli inapitishwa pamoja na maji. Mtu wa mwanzo akisikia "matundu" anafikiria chekecheke: vidogo vitapita, vikubwa vitabaki. Hapa ni kinyume chake, wakubwa ndio wanaotangulia kutoka.

Fikiria Mji Mkongwe. Hamali mwenye gari lililojaa magunia na mtoto aliyetumwa sukari wanatoka Forodhani kwenda Darajani kwa wakati mmoja. Gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo hamali anafuata njia kubwa na kufika. Mtoto kila chochoro anaingia, huku anachungulia mchezo wa keram, kule anakaa barazani, na anafika mwisho. Ndivyo ilivyo ndani ya mrija. Molekuli kubwa haiingii kwenye tundu la jeli, inapita nje na kutoka mapema. Ndogo inaingia na kutoka kila tundu, na safari yake inarefuka.

Njia hii inatumika sana na kwa molekuli nyingi inatosha. Udhaifu wake unaonekana vitu vikizidi ukubwa wa matundu yote: vyote vinatoka kwa mkupuo mmoja bila kutengana. Tena chembe za nano zina tabia ya kunata kwenye punje za jeli zisitoke tena, na minyororo mirefu mno inaweza kukatika kwa kubanwa humo.

Hapo ndipo inapoingia njia ya pili, na mimi hii ndiyo naipenda. J. Calvin Giddings wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, aliileta mwaka 1966. Giddings alikuwa pia mpiga kasia hodari wa mito ya maporomoko, na sidhani kama mambo hayo mawili yalikuwa mbalimbali kichwani mwake, kwa sababu njia yake imekaa kimkondo. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita utenganishaji kwa mkondo na msukumo.

Ndani ya chombo chake hamna jeli wala punje. Kuna mfereji mtupu, mwembamba, kina chake ni kama robo ya milimita. Maji yanapita kwa urefu wake. Anayeshika upondo kwenye mikono ya mikoko ya Chwaka wakati maji yanakupwa anajua kwamba katikati maji yanakimbia na kandokando yanajikokota, ndiyo maana anayekwenda kinyume na mkondo hujibana ukingoni. Katika mfereji huu mwembamba mambo ni hayohayo.

Sasa unaongezwa msukumo wa pili, kutoka juu kwenda chini. Mara nyingi ni maji yanayovuka mfereji na kupenya utando ulio sakafuni, utando unaopitisha maji na kuzuia sampuli. Kila kitu kinasukumwa sakafuni. Lakini vidogo havitulii: kwa kugongwagongwa na molekuli za maji vinarukaruka na kupanda juu, mpaka vinaukuta mkondo wenye kasi. Vikubwa ni vizito wa kutikisika, vinabaki chini kwenye maji ya pole. Kwa hiyo hapa wadogo ndio wanaotoka kwanza.

Ila kuna mtego. Chembe ikizidi ukubwa wa mikromita moja hivi, kutikisika kwake hakuna maana tena. Yenyewe ni nene kiasi kwamba hata ikilala sakafuni mgongo wake unafika kwenye maji yenye kasi. Mpangilio unageuka, wakubwa wanatangulia. Asiyekumbuka hilo ataona mwinuko mmoja kwenye grafu ya vinavyotoka na kuamini ni kitu kimoja, kumbe kuna wawili waliopishana ukubwa na kukutana mlangoni. Ndiyo maana mwishoni mwa mfereji huwekwa ile leza tuliyoilaumu juu. Safari hii inafanya kazi yake vizuri, kwa kuwa inawapokea kwa zamu.

Nyingine nazipitia mbio. Sentrifuji ya kasi kubwa, mashine inayozungusha sampuli kwa nguvu, ni ya Theodor Svedberg (Tuzo ya Nobel, 1926), na elektroforesi, inayovuta molekuli kwa umeme, iliendelezwa na Arne Tiselius (1948). Wote wawili wa Uppsala. Mji ule una deni kubwa kwetu, au sisi kwake. Elektroforesi huenda umeshakutana nayo bila kujua, kwani himoglobini ya mtoto anayeshukiwa selimundu huchunguzwa kwa njia hiyo.

Turudi kwa mwani. Unaolimwa hapa ni mwembamba, yaani spinosum, unaotoa karaginani ya aina ya ayota, na mnene, kotonii, unaotoa kapa. Mkulima wa Paje anauza kwa kilo mwani mkavu. Huko unakokamuliwa kuna kipimo kingine: kanuni za chakula za Umoja wa Ulaya zinataka sehemu ya karaginani iliyo chini ya daltoni 50,000 isizidi asilimia 5, kwa sababu minyororo iliyokatikakatika inatiliwa shaka kiafya. Wastani hauwezi kujibu hilo. Sampuli yenye wastani mzuri wa 500,000 inaweza kuwa na mkia mrefu wa vipande vidogo, na mkia huo unaonekana baada ya kutenganisha tu.

Na kuutenganisha si kazi nyepesi. Karaginani ikipoa inajisokota na kushikana, vipande viwili vidogo vikasomeka kama kimoja kikubwa. Tena ina chaji hasi, kwa hiyo katika maji matupu minyororo inasukumana na kujitanua kupita ukubwa wake. Dawa yake ni kuipitisha katika maji ya moto, nyuzi 60 hivi, yenye chumvi kidogo, na hata chumvi yenyewe inachaguliwa: ya potasiamu inaifanya kapa igande. Kisha unalinganisha kiasi ulichoingiza na kiasi kilichotoka. Kikipungua sana, kuna kilichonasa kwenye utando kama chicha kwenye kifumbu, na grafu iliyo mbele yako ni ya waliobahatika kupita.