Je, wajua daktari akikugonga mgongoni anasikiliza nini?

Umekaa kwenye kitanda cha uchunguzi, shati limepandishwa hadi mabegani, na umeambiwa ujikumbatie kama mtu aliyeshikwa na baridi. Daktari anabandika kiganja kimoja mgongoni pako, kisha kwa kidole cha mkono wa pili anagonga: du, du. Anahamia upande wa pili, usawa uleule: du, du. Anashuka kidogo, anarudia. Hasemi kitu. Akimaliza ndipo anaweka kipimo chake masikioni na kukuambia uvute pumzi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kule kugonga ni kulegeza kohozi. Kifua kimebana, unakigonga, kilichoganda kinabanduka, halafu unasikiliza kama njia imefunguka. Nimewahi hata kuwaeleza watu hivyo, tena bila kuulizwa. Sikuwa sahihi, ingawa kosa lenyewe halikutoka hewani. Kugonga kwa kulegeza kohozi kupo kweli, na ni kazi ya wataalamu wa fiziotherapia. Lakini wao hukunja kiganja kama kikombe na kupiga kwa mfululizo kwa dakika kadhaa, mgonjwa akiwa amelazwa kwa namna ambayo kohozi litateremka. Daktari wetu anagonga mara mbili na kuhama. Kama ndiyo tiba, basi ni tiba ya kivivu mno.

Wapo wanaosema anatafuta panapouma. Hao wana chembe ya ukweli, lakini ni ya mahali pengine: akikupiga polepole kwa ngumi chini ya ubavu wa mwisho, kando ya uti wa mgongo, hapo kweli anataka kujua kama utaruka kwa maumivu, kwa sababu figo iko karibu. Juu ya mapafu, hapana. Na ushahidi ulikuwa mbele ya macho, au tuseme nyuma ya mgongo, muda wote: daktari hakugongi wewe. Anagonga kidole chake mwenyewe.

Angalia mikono yake siku nyingine. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kimebanwa barabara katikati ya mbavu mbili, vidole vingine vimeinuliwa visiguse ngozi. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kimepinda kama nyundo, kinaangukia karibu na kiungo cha mwisho cha kile cha kushoto na kuondoka papo hapo. Nguvu inatoka kwenye kifundo cha mkono, bega limetulia. Kucha ni fupi, na mwanafunzi wa udaktari aliyesahau kuzikata hukumbuka haraka.

Anachofanya ni kupiga hodi na kusikiliza nani yuko ndani: hewa, maji, au nyama.

Chukua ukuta wa mbao zilizopigiliwa juu ya nguzo. Fundi anayetaka kupigilia msumari hugonga akitembeza mkono. Penye uwazi nyuma ya ubao, mlio ni mnene na unavuma kidogo kabla ya kuisha. Akifika penye nguzo, mlio unakuwa mfupi, mkavu, kama umekatwa. Ubao ni uleule na mkono ni uleule. Kilichobadilika ni kile kilichoegemea ubao kwa nyuma.

Ukuta wa kifua hufanya hivyohivyo. Ukigongwa hutikisika, na mtikisiko huo ndio sauti. Pafu lenye afya limejaa hewa, ni jepesi, kwa hiyo linauacha ukuta utikisike kwa uhuru: sauti inatoka nene, ya chini, na inakaa. Maji yakijikusanya kati ya pafu na mbavu, ni kama mtu ameweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma huku wewe unapiga. Ngoma haijapasuka, mpigaji hajabadilika, lakini mlio unafia mkononi. Pafu lililojaa usaha na ute kwa sababu ya nimonia hutoa sauti iliyofifia pia, ila mara nyingi si kavu kama ya maji. Na hewa ikivuja na kujaa nje ya pafu, kifua hulia kupita kiasi, kama debe tupu.

Kidole cha chini nacho kina kazi zaidi ya kupokea kipigo. Kinahisi. Penye hewa kinarushwa kidogo, penye maji kinakutana na kitu kigumu kisichorudisha chochote. Madaktari wazoefu husema wakati mwingine wanajua kabla sikio halijaamua, na ndiyo maana wanaweza kufanya kazi hii hata kwenye wodi yenye kelele.

Mbinu hii ni kongwe kuliko kipimo cha masikioni. Leopold Auenbrugger, daktari wa Vienna na mtoto wa mwenye nyumba ya wageni huko Graz, aliichapisha kwa Kilatini mwaka 1761. Husimuliwa kwamba aliiokota utotoni, kwa kuona mapipa ya mvinyo yakigongwa ili kujua yamejaa hadi wapi. Kifua chenye afya, aliandika, hulia kama ngoma iliyofunikwa kitambaa kizito cha sufu, na atakayekigonga kifua chake mwenyewe akiwa na shati atakubali kwamba hakutia chumvi. Ili kuhakikisha, alijaza maji kwenye vifua vya maiti na kugonga kufuata usawa wa maji. Wenzake hawakumjali sana mpaka Corvisart, daktari wa Napoleon, alipokitafsiri kitabu kwa Kifaransa mwaka 1808, mwaka mmoja kabla ya Auenbrugger kufariki. Katikati ya hapo alikuwa amepata nafasi ya kumwandikia mtunzi wa muziki Salieri maneno ya opera moja, yaani mchezo wa kuimbwa, kuhusu mfagia dohani. Sikio lake, inaonekana, halikuwa la hospitali tu.

Je, inaaminika? Inategemea unauliza nini. Kwa maji mengi kifuani, kidole hufanya kazi nzuri. Maji yakiwa machache, chini ya mililita 300 hivi, kwa kawaida hayasikiki, na hapo eksirei au ultrasaundi haina mpinzani. Kwa nimonia, sauti iliyofifia upande mmoja ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito, lakini sauti ya kawaida haimwondolei mtu nimonia, kwa sababu wagonjwa wengi hawana badiliko lolote la kusikika. Ndiyo sababu ya kulinganisha kulia na kushoto kila hatua: kifua cha mtu mnene na cha mtu mwembamba havifanani, lakini pande mbili za mtu mmoja zinapaswa kukaribiana.

Kichekesho kikubwa kiko kwenye ini. Ini ni nyama tupu, linatoa sauti iliyokufa, kwa hiyo ungedhani kulipima urefu ni kugonga tu kutoka juu hadi chini na kuweka alama. Kumbe jibu hutegemea pia nani anagonga. Anayepiga kwa nguvu hupata ini fupi, anayepiga taratibu hupata ini refu, na mgonjwa ni yuleyule.

Mpaka wa juu wa ini unaweza kuutafuta mwenyewe. Gonga kwanza paja, ujue nyama inaliaje. Kisha anza chini kidogo ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, upande wa kulia, ukishuka nafasi moja moja kati ya mbavu. Karibu na ubavu wa tano au wa sita mvumo utaanza kuzama. Bakisha kidole hapohapo, vuta pumzi ndefu, izuie, ugonge tena: mvumo utakuwa umerudi, kwa sababu pafu limejaa na kulisukuma ini chini.