Variolesheni: jeshi la Washington lilivyochanjwa ndui yenyewe

Variolesheni ni njia ya zamani ya kujikinga na ndui kwa kuambukizwa ndui hiyohiyo, tena kwa makusudi. Tabibu alichukua usaha kwenye upele wa mgonjwa, akamchanja chale ndogo mkononi mtu asiyeumwa, akaupenyeza usaha humo, wakati mwingine kwa uzi uliolowekwa, kisha akafunga kitambaa. Baada ya wiki moja hivi homa ilipanda, kichwa na mgongo vikauma, vipele vikatoka. Kwa wengi vilikuwa vichache na vikakauka vyenyewe. Aliyepona hakuwa na haja ya kuiogopa ndui tena.

Isichanganywe na chanjo ya daktari Mwingereza Edward Jenner ya mwaka 1796, iliyotumia ndui ya ng'ombe. Katika variolesheni mtu aliugua ndui halisi, ila kwa kawaida ilimjia nyepesi kuliko ya kuvuta kwa pumzi. Aliweza kufa. Aliweza pia kumwambukiza jirani yake, na jirani akapata ndui kali isiyo na huruma. Ndiyo maana waliochanjwa walitengwa hadi magamba yote yadondoke.

Watu waliikubali kwa sababu ya hesabu. Ndui ya kawaida iliweza kuua watu watatu kati ya kumi. Ya kuchanjwa iliua mmoja au wawili kati ya mia. Mjini Boston, Marekani, miaka kadhaa kabla ya 1721, Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa mchungaji Cotton Mather, alimweleza bwana wake kwamba yeye alikwisha kuchanjwa kwao Afrika. Ndui ilipozuka mwaka 1721, Mather akaipigia debe njia hiyo, na daktari Zabdiel Boylston akaanza na mwanawe mwenyewe. Mji ulichachamaa, hata nyumba ya Mather ikarushiwa bomu. Kati ya watu wapatao 250 waliochanjwa walikufa sita, ilhali ndui ya kawaida iliua zaidi ya 800 katika mlipuko huohuo. Ujuzi huu, basi, haukuletwa na daktari wa Ulaya peke yake.

Vita vya uhuru wa Marekani, vya makoloni ya Uingereza huko dhidi ya Uingereza yenyewe, vilipoanza mwaka 1775, ndui ilikuwa upande wa Waingereza. Wengi wa askari wao walikwisha kuugua utotoni, kwani Ulaya ndui haikukatika. Vijana wa makoloni, wengi wao watoto wa mashambani, hawakuwahi kuiona. Ukiwarundika kambini, wanalala bega kwa bega na kugawana blanketi, mgonjwa mmoja anatosha.

Ilitokea hivyo huko Quebec, Kanada. Jeshi la makoloni liliuzingira mji huo katika majira ya baridi ya 1775–76, na ndui ikaingia kambini. Wapo askari waliojichanja wenyewe kwa siri licha ya katazo, na hivyo wakaueneza ugonjwa zaidi. Jenerali John Thomas, aliyetumwa kuongoza jeshi hilo, alikuwa daktari kwa taaluma. Ndui ilimuua Juni 1776. Waliobaki walirudi nyuma na maelfu ya wagonjwa. John Adams, mmoja wa viongozi wa makoloni, aliandika kwamba ndui ilitisha mara kumi kuliko Waingereza, Wakanada na Wahindi Wekundu wakiwekwa pamoja.

George Washington, amiri wa jeshi la makoloni, aliijua ndui mwilini mwake: aliugua akiwa kijana kisiwani Barbados mwaka 1751. Hata hivyo mwanzoni alikataza askari kuchanjwa, na sioni kwamba ulikuwa woga. Kila aliyechanjwa angelala wiki kadhaa, na adui akipata habari angeshambulia jeshi lililo kitandani. Hivyo alitegemea karantini. Waingereza walipoondoka Boston Machi 1776, waliotangulia kuingia mjini walikuwa askari waliokwisha kuugua ndui.

Karantini haikutosha. Tarehe 6 Februari 1777, akiwa kambini Morristown, Washington alimwandikia daktari William Shippen aanze kuwachanja askari. Hoja yake ilikuwa rahisi: ndui ikilivamia jeshi kwa njia yake ya kawaida, itakuwa ya kuogopwa kuliko upanga wa adui. Alitaka jambo lifanywe haraka na kwa siri iwezekanavyo. Kurutu waliofika Philadelphia walichanjwa kabla ya kujiunga na wenzao, na majira ya baridi yalisaidia, maana mapigano hupungua. Hata hivyo kazi haikwisha mara moja. Katika kambi ya Valley Forge, mwaka uliofuata, walikutwa tena askari wengi ambao hawajaugua wala kuchanjwa, ikabidi kuanza upya.

Upande wa pili, wa Waingereza, wapo waliolipa zaidi. Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, aliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaobeba silaha kumpigania mfalme. Mamia walimkimbilia, wakasongamana melini na kwenye kambi za pwani, na ndui ikawafyeka. Katika kisiwa cha Gwynn, mwaka 1776, wengi wa watu hao walikufa kwa maradhi kabla ya kupata uhuru walioahidiwa.

Chanjo ya Jenner ilipoenea, variolesheni ilibaki hatari isiyo na sababu. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1840: waliochanjwa kwa njia hiyo walikuwa bado wanaambukiza wengine.