Je, wajua kwa nini faili inayosemekana imenakiliwa huenda bado haijafika kwenye flashi?

Katika steshenari za Kariakoo na Sinza, mteja akiona mstari wa kunakili umefika mwisho huchomoa flashi yake na kuondoka, kisha akifika nyumbani hukuta faili haifunguki. Wengi husingizia virusi au flashi feki, na wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi data ilikuwa bado imo ndani ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya kompyuta ya dukani.

Programu inapoomba kuandika data, mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta) huiweka data hiyo kwanza kwenye RAM, katika vipande viitwavyo kurasa, ambavyo katika kompyuta nyingi vina baiti 4,096 kila kimoja, kisha huijibu programu kwamba kazi imekwisha. Kurasa hizo huitwa chafu, jina linalozionea kidogo, kwa maana hazina kasoro yoyote ila kwamba nakala yake iliyo kwenye diski au flashi imepitwa na wakati.

Ucheleweshaji huu una faida. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100, ilhali diski inayozunguka huhitaji milisekunde kadhaa kusogeza kichwa chake tu. Kama vile daladala ya Mbagala isivyoondoka na abiria mmoja, mfumo hukusanya kurasa zilizo jirani ili ziandikwe kwa safari moja. Ukurasa uliobadilishwa mara kumi huandikwa mara moja, na faili ya muda iliyofutwa mapema huenda isiandikwe kabisa.

Hata hivyo, RAM ina mwisho wake. Ukurasa safi unaweza kutupwa papo hapo nafasi inapohitajika, kwa kuwa nakala yake ipo kwenye diski, lakini ukurasa chafu ni lazima uandikwe kwanza. Kwa hiyo kompyuta iliyojaa kurasa chafu hukosa pa kupumulia. Kwa mipangilio ya kawaida ya mfumo endeshi wa Linux, mfumo huamka kila baada ya sekunde 5 kuandika kurasa zilizokaa chafu zaidi ya sekunde 30, huanza kuandika chinichini uchafu unapozidi asilimia 10 ya kumbukumbu inayopatikana, na uchafu unapokaribia asilimia 20 huilazimisha programu inayoandika isubiri. Naona hapo ndipo penye busara ya mpango mzima, kwani anayecheleweshwa ni yule anayeandika kupita kasi ya diski.

Tuchukue video ya harusi ya gigabaiti 4, inayonakiliwa kwenye flashi inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde, katika kompyuta yenye gigabaiti 6 za RAM zinazopatikana. Mstari utakimbia kwa takriban gigabaiti ya kwanza, kisha utajikokota, kwa sababu kazi yote inahitaji karibu dakika 7.

Umeme ukikatika katikati, kurasa chafu hupotea zote. Ndiyo maana programu za hifadhidata hutoa agizo la fsync, linalozuia jibu la "imekwisha" hadi diski yenyewe ithibitishe. Windows 10, tangu toleo 1809 la mwaka 2018, kwa kawaida haicheleweshi uandishi kwenye flashi. Kwa mifumo inayochelewesha, amri ya kuondoa flashi kwa usalama husukuma nje kila ukurasa chafu uliobaki, na dakika inazochukua wakati mwingine ndizo zile ambazo mstari wa kunakili haukuzionyesha.