Barabara ya Jinja haikuachwa wazi kwa bahati mbaya

Maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, wanayajua hata waliozaliwa miaka ishirini baada ya Vita vya Kagera. Yaliyotokea jeshi lilipovuka mpaka hayajulikani kiasi hicho, na pengo hilo limezibwa na hadithi za vijiweni.

Dhana: Safari ilikuwa ya Kampala tangu siku ya kwanza

Mwishoni mwa Oktoba 1978 Rais wa Uganda, Idi Amin, aliivamia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera ni mali ya Uganda. Kumtoa hapo halikuwa jambo la kujadili. Kumfuata kwake ndiko kulikokuwa na kazi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, na huko Cairo mwaka 1964 Nyerere mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kutetea azimio la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Angesimamaje mbele ya marais wenzake baada ya kumng'oa mmoja wao?

Jibu lake lilikuwa kuvitenganisha vita viwili: Watanzania wanailinda nchi yao, Waganda wanamwondoa mtawala wao. Kwa mpango huo jeshi la Tanzania (JWTZ) lingefika Masaka na Mbarara, kisha wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni wangeendelea na safari. Miji hiyo ilitekwa mwishoni mwa Februari 1979, lakini wapiganaji hao walikuwa wachache mno, na Gaddafi wa Libya akaleta askari wake kumwokoa Amin. Baada ya mapigano ya Lukaya mwezi Machi ilikuwa wazi kwamba JWTZ lenyewe litafika Kampala.

Dhana: Kuwaacha Walibya watoroke kupitia Jinja kulikuwa uzembe

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inawageuza makamanda kuwa watu wasiojua kuzingira mji. Jeshi lilipoikaribia Kampala mwanzoni mwa Aprili, kuifunga njia ya mashariki, iendayo mji wa Jinja, lilikuwa jambo la kawaida la kijeshi. Nyerere ndiye aliyeamua iachwe wazi, na akampelekea Gaddafi ujumbe kwamba watu wake wanaweza kuondoka kwa njia hiyo bila kuguswa.

Hesabu yake ilikuwa rahisi kuifuata. Walibya wakizingirwa wangepigana mpaka mwisho, katikati ya mji wenye raia. Halafu mamia ya maiti za askari Waarabu waliouawa na jeshi la nchi ya Kiafrika yangekuwa donda kati ya Waarabu na Waafrika weusi ndani ya OAU, na aibu ambayo Gaddafi asingeweza kuimeza kimyakimya. Wengi wao waliondoka. Kijeshi adui aliponyoka, hilo ni kweli. Kisiasa, Tanzania iliepuka kununua ugomvi wa pili.

Dhana: Vilikuwa vita vya Wakristo dhidi ya Waislamu

Mkuu wa Majeshi wa Tanzania wakati huo alikuwa Jenerali Abdallah Twalipo. Sioni haja ya kuongeza neno.

Dhana: Mkutano wa Moshi ulikuwa maigizo tu

Kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi, vita vikiendelea, vikundi vya Waganda wa uhamishoni vilikutanishwa Moshi na kuunda UNLF, umoja wa kuikomboa Uganda, chini ya Yusuf Lule. Milton Obote, rais wa zamani wa Uganda na rafiki wa Nyerere aliyeishi uhamishoni Tanzania baada ya kupinduliwa na Amin mwaka 1971, alishawishiwa asihudhurie. Jeshi lilikuwa linapita katika nchi ya Buganda, ambako hakuna aliyesahau kwamba mwaka 1966 Obote aliishambulia Mengo, ikulu ya Buganda, na kumfanya Kabaka, mfalme wao, akimbie. Kumrudisha mtu huyo juu ya kifaru cha Tanzania kungewafanya watu wa Buganda wamwone mkombozi kama mvamizi. Lule alikuwa mwana wa Buganda. Na Kampala ilipotekwa, aliyetangaza kwenye Radio Uganda tarehe 11 Aprili kwamba utawala wa Amin umekwisha alikuwa David Oyite-Ojok, Mganda, ingawa kazi kubwa ya kuuteka mji ilikuwa ya JWTZ.

Dhana: Jeshi linalojali sura yake halimuumizi raia

Laiti ingekuwa hivyo. Mutukula, mji wa mpakani, ulisawazishwa kwa matingatinga mwezi Januari na raia wakauawa. Nyerere alishtuka na kuagiza watu na mali zao zisiguswe. Hata hivyo Masaka na Mbarara ziliharibiwa vibaya mwezi uliofuata, kulipiza yaliyofanywa Kagera. Askari aliyeona nyumba za Kyaka zimeteketezwa hakuwa akiwaza OAU. Amri ya kulinda jina la nchi hutoka Ikulu, lakini anayeitekeleza ana hasira zake, na wakati mwingine hata Ikulu yenyewe hutaka kisasi kionekane.

Mwezi Julai, kwenye mkutano wa OAU huko Monrovia, Rais Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimlaumu Nyerere hata hivyo. Aliyesimama kumtetea kwa niaba ya Uganda alikuwa Godfrey Binaisa, kwa sababu Lule alikuwa ameshaondolewa madarakani baada ya siku 68.