"Hana hata kupe mmoja"

Wiki hii nimeisikia mara nne, kila mara kuhusu ndigana kali, ile homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe. Ya nne ilikuwa jana alfajiri, hata chai sijanywa: "Dokta, ndigana kali haiwezi kuwa. Huyu hana hata kupe mmoja, njoo umpekue mwenyewe." Nikaenda, nikampekua. Kweli, kupe hakuna. Mtamba chotara, joto 41, macho yanachuruzika, mtoki wa mbele ya bega umevimba kama limau. Nikapitisha kidole ndani ya sikio. Kwenye mkunjo wa chini palikuwa na vigaga vitatu, vidogo, vimekauka. Hapo ndipo walipokaa. Walikula, wakashiba, wakaondoka.

Haya, tuhesabu siku. Kupe jike wa kahawia, huyu wa masikio, akishajing'ang'aniza hukaa kama wiki moja tu, kisha hudondoka akatage. Homa huanza kwa kawaida siku ya 8 hadi ya 12 tangu kung'atwa. Ng'ombe anapoanza kusimama pembeni na kukataa majani, mhalifu yuko kwenye nyasi, mayai yake kwa maelfu. Unatafuta nini kwenye ngozi?

Wengine huniletea kupe kwenye kiberiti, wamejaa kama punje za kahawa: wa bluu hao. Kupe wa bluu humaliza ujana wake wote kwa mnyama mmoja, na huleta ndigana baridi na mkojo mwekundu. Ni kesi nyingine kabisa. (Usione haya kuzichanganya. Robert Koch mwenyewe, Dar es Salaam mwaka 1897, aliviona vimelea vya ndigana kali kwenye damu akadhani ni vya mkojo mwekundu.) Huyu wa kahawia hubadilisha mnyama mara tatu: akiwa mdogo wa miguu sita, akiwa kijana, akiwa mkubwa. Kila akishiba hushuka chini kujivua. Anaanguliwa akiwa msafi, mama hamrithishi Theileria, yaani vimelea vya ndigana kali. Anaiokota kwa ng'ombe wa kwanza, anakuja kuitema kwa wa pili.

Tena haitemi papo hapo. Vimelea hukomaa kwenye tezi za mate baada ya kupe kuanza kunyonya, na huchukua siku tatu nne hivi. Siku hizo ndizo nafasi yako ya kumuua kupe kabla hajaambukiza. Kwa hiyo ukiniambia "niliogesha dawa ya kupe Jumamosi", nitakuuliza: bomba lilifika ndani ya sikio? Watu wananyunyizia mgongo kama wanaosha gari!

Na hiyo OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki) mnayokimbilia haiui ndigana iliyokwisha kuwaka. Mahali pake ni siku ya chanjo, ile iliyotengenezwa Muguga, Kenya: tunamchoma ng'ombe vimelea hai na OTC ya muda mrefu kwa pamoja, ili ugonjwa uje kwa upole. Povu likishatoka puani, hata buparvakwoni, dawa yenyewe ya ndigana kali, mara nyingi ni hela imetupwa.

Linalonisumbua ni ng'ombe wa asili. Ndama wao wanang'atwa wakiwa wadogo, wengi wanapona, wanabaki na kinga. Nikimhimiza mwenye nao aogeshe kila wiki bila kukosa, ninamkuzia kundi lisilo na kinga, linalongoja siku dawa itakapokosekana dukani. Nisipomhimiza, chotara wa jirani wanakufa. Nimewahi kutoa ushauri wa aina mbili katika kijiji kimoja, mwezi mmoja, na sina hakika upi ulikuwa sahihi. Hata chanjo, karibu na nyati huwa siahidi kitu, maana vimelea vya nyati vinaweza kuikwepa.

Yule mtamba hakuwa amefika kwenye povu, nikamchoma buparvakwoni pale pale. Leo jioni mwenyewe kapiga simu: ameanza kucheua. Akashukuru sana, akanyamaza kidogo, halafu: "Lakini Dokta, kupe kweli hukumwona."