Sumaku peke yake haiwashi taa

Kila umeme ukikatika Dar, ile video hurudi kwenye magrupu: feni ya kompyuta imebandikwa sumaku za spika, inazunguka yenyewe na kuwasha balbu bila betri wala mafuta, eti milele.

Si kweli. Sumaku ikipita karibu na koili ya waya wa shaba huzalisha umeme, lakini lazima kuwe na cha kuizungusha: mkono, upepo, maji au injini. Jaribu na dinamo ya baiskeli. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono taa ikiwa imezimwa, kisha iwashe. Utahisi gurudumu limekuwa zito. Uzito huo ndio bei ya mwanga. Ukiacha kuzungusha, taa inazimika.

Kinachochanganya ni kwamba sumaku husukumana kweli, unahisi mkononi. Ila nguvu inayopatikana zikivutana huliwa yote zikiachana, hivyo mzunguko hauachi ziada. Kwenye video, betri hufichwa chini ya ubao, au balbu yenyewe ni ya kuchaji. Ukionyeshwa mashine kama hiyo, mwombe fundi aifungue mbele yako.

Tafadhali, ikikufikia usiisambaze. Kuna mtu Mbagala atakayetoa hela ya kula akanunue sumaku.