Fungu la mirathi halikataliwi, hutolewa

Mrithi akisema mbele ya ndugu zake "mimi sitaki kitu, nimesamehe", wengi Unguja na Pemba huchukulia kuwa jambo limekwisha. Kisheria halijaanza. Katika mirathi ya Kiislamu, ambayo ndiyo inayohukumiwa na Mahakama ya Kadhi, fungu huingia katika milki ya mrithi pale pale marehemu anapofariki, atake asitake. Kusamehe ni kwa deni. Nyumba au shamba hakisamehewi. Huuzwa au hupewa mtu. Kwa hivyo dada aliyesema "nimesamehe" kisha akaja kudai, haki yake iko pale pale. Na aliyeyasema hayo baba angali hai hakutoa chochote, maana alikuwa bado hajamiliki.

Asiyetaka fungu lake ana njia mbili: hiba, yaani kumpa mtu bure, au takharuji, yaani sulhu ya kutoka: anachukua kitu maalumu na kuwaachia wenzake kilichobaki. Takharuji ni ya tangu zama za masahaba. Tumadhir, mmoja wa wajane wa Abdurrahman bin Auf, alitoka kwa malipo badala ya fungu lake, robo ya thumni (sehemu moja ya nane).

Kabla ya yote hayo, tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu, isafishwe: gharama za maziko, madeni (mahari ya mjane ambayo hayajalipwa ni deni), kisha wasia usiozidi thuluthi. Baada ya hapo ndipo mafungu yahesabiwe, kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kabla ya mtu yeyote kutoa chake. Kwa madhehebu ya Shafi, hiba ya kitu kisichojulikana haisihi. Ya fungu lisilogawanywa inasihi, mradi mtoaji anajua ni sehemu gani na ya mali ipi.

Hesabu ndipo watu wanapokosea sana. Tuseme mtu wa Wete amefariki na kuacha mjane, watoto wanaume wawili na wanawake watatu. Tirka ni mafungu 8: mjane 1, kila binti 1, kila mwana 2. Binti mmoja anatoka kwa kupewa fedha kutoka ndani ya tirka. Waliobaki hugawana kwa mafungu yao ya asili, sasa 7: mjane 1, wana 2 kila mmoja, mabinti 1 kila mmoja. Utakuta mtu anamfuta yule binti kana kwamba hakuzaliwa, anampa mjane thumni, kisha anagawa kilichobaki kwa 6. Mjane aliyestahiki 1/7 amepewa 1/8.

Pengine kosa hilo hugeuza kila kitu. Mwanamke amefariki bila mtoto, ameacha mume, mama na ami. Mafungu ni 6: mume 3, mama 2, ami 1. Mume akitoka kwa sulhu, mama anachukua 2 kati ya 3 na ami 1. Ukimfuta mume, mama anapata thuluthi na ami thuluthi mbili. Mama amenyang'anywa nusu ya haki yake kwa kalamu tu.

Angalia pia nani anayelipa. Kaka akimlipa dada kutoka mfukoni mwake, fungu la dada ni la kaka huyo peke yake. Na kama kuna fedha benki, gawaneni fedha kwanza, kisha sulhu iwe juu ya nyumba na shamba, msije mkaingia katika riba.

Hati itaje jina la marehemu na tarehe ya kufariki, sehemu inayotolewa kwa tarakimu, anayepewa, na malipo kama yapo. Kila mali iandikwe kwa jina lake. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1992 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, kinachorithiwa ni haki ya matumizi. Basi andikeni mbali haki hiyo, mbali mikarafuu, mbali nyumba. "Nimetoa shamba" bila kutaja miti ni ugomvi wa msimu ujao wa karafuu. Mpewaji naye atamke kukubali, mashahidi wasaini, na kitu kikabidhiwe kweli: funguo, hati, mavuno. Hiba isiyokabidhiwa mtoaji anaweza kuirudisha.

Ikishakabidhiwa, dada aliyempa kaka yake hawezi kurudi nyuma. Mama aliyempa mwanawe anaweza, maadamu kitu kingali katika milki ya mwana. Kwa hiyo nakusihini, msimwekee mwanamke karatasi ya kusaini siku ya khitma, na uchungu umemjaa, hata hajui fungu lake ni ngapi. Hiba ya kushurutishwa haisihi, na anayeipokea anakula haki ya mtu. Mwacheni kwanza aijue sehemu yake na thamani yake, akitaka ashauriane na mtu asiye na maslahi katika tirka ile.

Fungu la mtoto mdogo halitolewi bure na yeyote, hata mama yake. Hubaki kwa jina lake mpaka abaleghe na awe na akili ya mali, ndipo aamue mwenyewe.